Maumivu ya Neva katika Ugonjwa wa Baridi Yabisi: Historia ya Maswali Mawili Yaliyochanganywa, 1800–2017

1.0 Utangulizi

Katika kliniki za baridi yabisi, kipimo cha ukali wa ugonjwa kilichoenea sana tangu miaka ya 1990 ni hesabu ya viungo 28. Daktari huhesabu viungo vilivyovimba, kisha huhesabu vile ambavyo mgonjwa anasema vinauma vinapobonyezwa. Huongeza kipimo cha damu na alama ambayo mgonjwa mwenyewe huitoa kuhusu hali yake, na vyote hivyo hugeuzwa kuwa namba moja. Namba ikiwa kubwa, dawa za kutuliza kinga ya mwili huongezwa. Kipimo hiki kimewafaa wagonjwa wengi. Hata hivyo, yupo mgonjwa ambaye viungo vyake vimenywea na damu yake imetulia, lakini bado anaeleza kwamba nyayo zinawaka moto, viganja vinakufa ganzi usiku, na shuka likimgusa kifundo cha mguu hawezi kuvumilia. Namba ya mgonjwa huyo hubaki juu kwa sababu ya maneno yake, si kwa sababu ya uvimbe unaoonekana. Je, ugonjwa wake bado unaendelea, au maumivu yamepata makao mengine? Jibu lina uzito, kwa maana jibu la kwanza humwongezea dawa nzito ambayo huenda haihitaji, na kutokuwa na jibu humwacha akishukiwa kuwa anatia chumvi.

Makala haya yanafuatilia historia ya swali hilo tangu mwaka 1800, ugonjwa ulipoelezwa kwa mara ya kwanza kama ugonjwa unaojitegemea, hadi mwaka 2017, aina ya tatu ya maumivu ilipotambuliwa rasmi na wataalamu wa kimataifa. Hoja inayotetewa ni kwamba katika historia hiyo maswali mawili yalichanganywa. La kwanza linahusu chanzo: je, neva ndizo zinazoleta baridi yabisi? La pili linahusu maumivu: je, neva za mtu mwenye baridi yabisi zina maumivu yake zenyewe, mbali na yale ya kiungo kilichovimba? Katika karne ya 19 maswali haya yalijibiwa kwa pamoja. Jibu la kwanza lilipokataliwa, la pili lilitupwa nalo, ingawa hakuna aliyekuwa amelikanusha.

Istilahi inahitaji maelezo kidogo. Katika matumizi ya kila siku, Waswahili huliita baridi yabisi karibu kila gonjwa la viungo linalodumu. Katika makala haya jina hilo linahusu ule ugonjwa tu ambao kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa viungo. Maneno yote mawili, baridi na yabisi, yana asili ya Kiarabu, na katika tiba ya Kigiriki iliyoendelezwa na Waarabu ubaridi na ukavu ndizo sifa za nyongo nyeusi na za ardhi. Jina la Ulaya lilitokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mtiririko, kwa kuwa iliaminika kwamba ute hutiririka kutoka kichwani hadi viungoni. Guillaume de Baillou, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1642 baada ya kifo chake, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kulitumia jina hilo kwa ugonjwa wa viungo. Hivyo jina moja linasema ukavu na lingine linasema umajimaji. Yote mawili yanataja kinachodhaniwa kuingia katika kiungo. Hakuna linalotaja neva.

2.0 Ugonjwa Wapata Jina Lake

Mwaka 1800 Augustin Jacob Landré-Beauvais aliwasilisha tasnifu yake jijini Paris. Alieleza wagonjwa tisa aliowaona katika hospitali ya Salpêtrière, makao ya wanawake maskini, akadai kwamba ugonjwa wao haukuwa jongo la kawaida. Jongo, kwa mujibu wa vitabu vya wakati huo, lilikuwa ugonjwa wa wanaume waliokula na kunywa vizuri. Hawa walikuwa wanawake, dhaifu, wenye viungo vingi vilivyoshikwa kwa pamoja na kwa muda mrefu. Aliuita jongo la udhaifu.

Alfred Baring Garrod wa London aliendeleza utengano huo kwa njia ya kemia. Mwaka 1848 alionyesha kwamba damu ya mwenye jongo ina asidi ya yuriki iliyozidi, jambo ambalo hakuliona katika magonjwa mengine ya viungo. Katika kitabu chake cha mwaka 1859 aliupa ugonjwa huu mwingine jina la Kiingereza unalolitumia hadi leo. Yafaa kuzingatia kwamba jina hilo lilipatikana kwa kukanusha: ni ugonjwa unaofanana na baridi yabisi ya homa lakini sio, unaofanana na jongo lakini sio. Chanzo chake kilibaki wazi, na katika nafasi hiyo iliyoachwa wazi ndimo neva zilimoingia.

3.0 Nadharia ya Neva, 1831–1890

Wazo kwamba ugonjwa wa viungo hutoka katika uti wa mgongo lilitangulia kitabu cha Garrod. Mwaka 1831 John Kearsley Mitchell, daktari wa Philadelphia, alichapisha maelezo ya wagonjwa wake. Mmoja wao, aliyekuwa na ugonjwa wa pingili za mgongo, alipatwa na maumivu na uvimbe wa viungo vya miguu uliofanana kabisa na baridi yabisi. Mitchell aliiacha miguu, akamtibu mgongoni kwa kutoa damu, na maumivu ya miguu yakapungua. Kuumika na kutumia miruba zilikuwa tiba za kawaida zama hizo. Kilichokuwa kipya ni mahali alipozielekeza. Kutokana na hilo alihitimisha kwamba mahali panapouma na mahali yanapoanzia maumivu si lazima pawe pamoja.

Mwanawe, Silas Weir Mitchell, alipata ushahidi wa aina nyingine katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Yeye na wenzake George Morehouse na William Keen waliwatibu askari waliojeruhiwa neva kwa risasi, na mwaka 1864 walichapisha kitabu kuhusu majeraha hayo. Humo walieleza maumivu ya kuungua yasiyokoma baada ya kidonda kupona, ngozi iliyokuwa nyembamba na kung’aa, na, jambo lenye uzito zaidi hapa, viungo vilivyovimba na kukakamaa katika mkono ambao neva yake ilikuwa imejeruhiwa ingawa risasi haikugusa kiungo chenyewe. Waliona kwamba viungo hivyo vingeweza kudhaniwa kuwa na baridi yabisi. Tangu hapo ilikuwa vigumu kusema kwamba neva haiwezi kamwe kuvimbisha kiungo.

Ufaransa nayo ilichangia. Jean-Martin Charcot, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1853 ilihusu wagonjwa wale wale wa Salpêtrière ambao Landré-Beauvais alikuwa ameanza kuwaeleza, mwaka 1868 alionyesha kwamba wagonjwa wenye uti wa mgongo uliooza, ambao baadaye ilijulikana kuwa walikuwa na kaswende, huweza kupoteza goti au nyonga kwa muda mfupi. Alieleza pia uvimbe wa viungo upande uliopooza baada ya kiharusi. Goti la Charcot lina kinaya chake: limeharibika kupita magoti yote, lakini mara nyingi haliumi kwa kadiri ya uharibifu wake, kwa kuwa neva zinazopeleka maumivu zimekufa. Kama lingesomwa vizuri, lingefundisha tangu wakati huo kwamba uharibifu wa kiungo na maumivu ya kiungo ni mambo mawili yanayoweza kutengana. Halikusomwa hivyo. Lilichukuliwa kuwa ushahidi kwamba neva hulisha viungo, na kwamba neva ikiacha kulisha, kiungo huoza.

Nadharia ya neva kuhusu baridi yabisi ilifikia kilele mwaka 1888, Archibald Garrod, mwana wa Alfred, alipoitetea katika mhadhara uliochapishwa na chama cha madaktari cha London. Hoja za upande huo zilikuwa nyingi na nyingine zilikuwa na nguvu. Ugonjwa hushika pande mbili za mwili kwa ulinganifu, kana kwamba unaongozwa kutoka katikati. Misuli iliyo karibu na kiungo hukonda upesi kuliko inavyoweza kuelezwa na kutotumika. Viganja hutoka jasho, ngozi hubadilika, na wagonjwa wengi hulalamikia ganzi na mchonyoto. Katika kitabu chake cha mwaka 1890 Garrod alitoa pia takwimu ambayo haikupewa uzito kwa miongo mingi: kati ya wagonjwa 500, 178 walikuwa na ugonjwa katika shingo.

Udhaifu wa nadharia hiyo ulikuwa katika wingi wa mambo iliyoweza kuyameza. Kiungo kikivimba upande uliopooza, neva ndiyo iliyosababisha. Kisipovimba, neva pia ndiyo iliyozuia. Baadhi ya madaktari waliitumia kueleza kwa nini wanawake huugua zaidi, wakidai kwamba tumbo la uzazi husumbua uti wa mgongo, nao uti husumbua viungo. Hapo nadharia ilikuwa imeshaacha kumsikiliza mgonjwa. Ganzi na mchonyoto, ambavyo vingeweza kuchunguzwa kama mateso yenye chanzo chake, vilitumiwa kama ushahidi tu katika kesi ya chanzo cha ugonjwa wote.

4.0 Bannatyne na Kufukuzwa kwa Neva

Ugunduzi wa Robert Koch wa bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882 ulibadili matarajio ya wanasayansi kuhusu kila ugonjwa sugu. Kama kifua kikuu kina mdudu wake, kwa nini baridi yabisi isiwe na wake? Gilbert Bannatyne, daktari wa mji wa Bath ambako wagonjwa wa viungo walikwenda kuoga maji ya moto, mwaka 1896 alichapisha na wenzake maelezo ya bakteria waliodai kumpata katika majimaji ya viungo. Dai hilo halikudumu. Mwelekeo wake, hata hivyo, ulishinda, na nadharia ya neva ilikwisha kwa kuachwa zaidi kuliko kwa kushindwa katika hoja: maiti zilipopasuliwa hazikuonyesha kidonda cha uti wa mgongo kilichotarajiwa, na vijana walikimbilia maabara za bakteria.

Ni katika kazi ya mtu huyu huyu ndimo kuna jambo ambalo mwanahistoria hawezi kulipita haraka. Katika kitabu chake kilichotoka kwa toleo jipya mwaka 1898, Bannatyne alieleza alichokiona kwa hadubini katika neva za wagonjwa: vijishipa vya damu vinavyolisha neva vilikuwa na uvimbe. Maelezo hayo sasa hutajwa kama rekodi ya kwanza ya kuvimba kwa mishipa ya damu katika baridi yabisi. Kwa hiyo mtu aliyesaidia kuiondoa neva katika nafasi ya chanzo ndiye aliyeonyesha, bila kukusudia, kwamba neva ni mhanga wa ugonjwa. Ushahidi wa jibu la ndiyo kwa swali la pili ulichapishwa wakati ule ule ambapo jibu la swali la kwanza lilikuwa linageuka kuwa hapana. Kwa kuwa maswali hayo hayakuwa yametenganishwa, ushahidi huo haukuwa na pa kuwekwa.

Yaliyofuata yaliwagharimu wagonjwa. Frank Billings wa Chicago alieneza, kuanzia takriban mwaka 1912, wazo kwamba bakteria waliojificha katika jino au tonsili hupeleka sumu viungoni. Meno yaling’olewa, tonsili zikakatwa, kwa maelfu ya watu na kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1938 Russell Cecil na Murray Angevine, wakichambua wagonjwa 200, walionyesha kwamba tiba hiyo haikuwa na faida iliyotarajiwa. Cecil mwenyewe alikuwa mmoja wa waliowahi kuitetea. Katika kipindi hicho chote mgonjwa aliyesema kwamba miguu inamwaka moto aliulizwa habari za meno yake.

Kisha kinga ya mwili ikachukua nafasi. Erik Waaler wa Norway mwaka 1940, na Harry Rose na wenzake huko New York mwaka 1948, walieleza kitu katika damu ya wagonjwa kilichokuja kujulikana kuwa ni kingamwili inayoelekezwa kwa kingamwili nyingine. Tarehe 21 Septemba 1948, katika Mayo Clinic, Philip Hench alimdunga mgonjwa wa kike homoni iliyokuja kuitwa kortisoni, na baada ya siku chache mwanamke huyo aliyekuwa hawezi kutembea vizuri akatembea. Hench alipata tuzo ya Nobel mwaka 1950 pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Mafanikio hayo yalikuwa makubwa, na madhara ya dawa yalijitokeza baadaye. Lakini yalithibitisha dhana moja katika fikra za madaktari: ondoa uvimbe, maumivu yataondoka yenyewe.

5.0 Neva Zarudi Kama Wahanga, 1950–1965

Neva zilirudi katika maandishi ya baridi yabisi kupitia njia tatu, na hakuna hata moja iliyodai tena kwamba zenyewe ndizo chanzo.

Njia ya kwanza ilikuwa ya kubanwa. James Paget alikuwa ameeleza mwaka 1854 neva ya kiganja iliyobanwa baada ya kifundo cha mkono kuvunjika, lakini ni maandishi ya George Phalen wa Cleveland katika miaka ya 1950 yaliyoufanya ugonjwa huo ujulikane kwa kila daktari. Katika baridi yabisi, ala za kano zinazopita kwenye kifundo cha mkono huvimba, na neva inayopita pamoja nazo katika njia hiyo nyembamba hukosa nafasi. Mgonjwa huamka usiku akipunga mkono uliokufa ganzi. Katika shingo jambo hilo hilo huwa hatari zaidi: kano inayoshikilia pingili mbili za juu hulegea, pingili huteleza, na uti wa mgongo hubanwa. Takwimu ya Garrod ya mwaka 1890 ilianza kueleweka.

Njia ya pili ilikuwa ile ya Bannatyne. Mwaka 1957 Francis Dudley Hart na wenzake wa London walichapisha maelezo ya wagonjwa wa baridi yabisi waliopatwa na ganzi, maumivu ya kuungua na udhaifu wa miguu au mikono, na mwaka 1960 Hart na Golding wakarudi kwenye suala hilo kwa urefu zaidi. Mjadala ulizuka mara moja, na ulikuwa wa haki: wengi wa wagonjwa hao walikuwa wametumia kortisoni au dawa za jamii yake, na ilishukiwa kwamba dawa ndiyo iliyoharibu mishipa ya damu ya neva. Mwaka 1965 Pallis na Scott walitenganisha hali ambazo awali zilikuwa zimerundikwa pamoja: neva iliyobanwa na kiungo, ganzi ya vidole, ganzi ya miguu inayoendelea polepole, na ule ugonjwa mkali unaomnyima mgonjwa hisi na nguvu kwa pamoja. Utengano huo ulikuwa na faida ya kitabibu, kwa maana neva iliyobanwa hufunguliwa kwa upasuaji, ilhali iliyokosa damu haisaidiwi na kisu.

Njia ya tatu ilikuwa ya kushangaza zaidi. Mwaka 1962 Thompson na Bywaters walieleza watu waliopatwa na baridi yabisi baada ya kupooza upande mmoja. Ugonjwa ulishika upande mzima, ukauacha uliopooza. Hapa ulinganifu ambao Archibald Garrod aliutumia kama hoja ulikuwa umevunjwa na jeraha la neva. Hakuna aliyefufua nadharia ya mwaka 1888 kwa sababu hiyo, na ilikuwa busara kutoifufua. Hata hivyo ilikuwa lazima kukubali kwamba neva, ingawa haileti ugonjwa, ina sauti katika ukali wake.

6.0 Maumivu Yasiyofuata Uvimbe

Mwaka huo huo wa 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia ya lango. Walidai kwamba taarifa ya maumivu haisafiri kutoka kwenye kidonda hadi ubongoni kama maji katika bomba, bali hupita katika uti wa mgongo penye lango linaloweza kufunguliwa au kufungwa. Mengi katika michoro yao yamerekebishwa tangu hapo. Kilichobaki ni kwamba uti wa mgongo ulipata kutambuliwa kama mahali panapofanya kazi juu ya maumivu badala ya kuyapitisha tu. Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha katika panya kwamba baada ya jeraha la pembeni, seli za uti wa mgongo hubadilika na kuwa nyepesi kuitikia, kiasi kwamba mguso usioumiza huanza kuumiza. Shuka linalomgusa mgonjwa kifundo cha mguu lilikuwa limepata maelezo.

Mwaka uliofuata Jon Levine na wenzake wa San Francisco waliunganisha jambo hilo na baridi yabisi. Panya waliosababishiwa ugonjwa wa viungo huumia zaidi katika kifundo cha mguu kuliko katika goti. Watafiti hao waliona kwamba kifundo kina neva nyingi zaidi zenye dutu P, kemikali ambayo Ulf von Euler na John Gaddum walikuwa wameigundua mwaka 1931, na walipoitia kemikali hiyo katika goti, ugonjwa wa goti ukazidi. Neva haikuwa tena waya wa simu; ilikuwa inamwaga kitu ndani ya kiungo.

Majaribio mawili ya karne ya 21 yanagusa moja kwa moja hoja ya makala haya. Mwaka 2010 Christianson, Yaksh na wenzao wa San Diego walieleza panya waliopatwa na uvimbe wa viungo kwa njia ya damu ya panya wengine wagonjwa. Uvimbe ulipoisha, unyeti wa maumivu haukuisha. Katika kipindi cha uvimbe, dawa za kawaida za kutuliza uvimbe zilisaidia. Uvimbe ulipokwisha, hazikusaidia tena, ilhali gabapentini, dawa inayotumika kwa maumivu ya neva, iliendelea kusaidia. Panya yule yule, mguu ule ule, lakini maumivu ya namna mbili kwa nyakati mbili. Jaribio la pili lilifanywa Sweden. Mwaka 2016 kundi la Camilla Svensson la Taasisi ya Karolinska lilichukua kingamwili za wagonjwa, zile ambazo huonekana katika damu hata miaka kadhaa kabla ya kiungo cha kwanza kuvimba, wakazitia katika panya. Panya walionyesha dalili za maumivu bila uvimbe wowote kuonekana.

Kati ya majaribio hayo kuna moja lililofanywa kwa binadamu. Mwaka 2011 watafiti wa Erlangen, Ujerumani, waliwapima ubongo wagonjwa waliopewa dawa inayozuia protini ya TNF, dawa zilizotokana na kazi ya Marc Feldmann na Ravinder Maini waliomtibu mgonjwa wao wa kwanza jijini London mwaka 1992. Ndani ya saa 24 shughuli za ubongo zinazohusiana na maumivu zilikuwa zimepungua, ilhali uvimbe wa viungo haukuwa umebadilika. Kwa hiyo hata pale ambapo dawa ya uvimbe huondoa maumivu, haiwezi kudhaniwa kwamba imeyaondoa kwa kupitia kiungo.

7.0 Ufafanuzi, Dodoso na Maneno ya Mgonjwa

Ingetarajiwa kwamba baada ya ushahidi huo maumivu ya neva yangepewa nafasi yake katika baridi yabisi. Kilichotokea kilikuwa na utata zaidi, na sababu yake ilikuwa fasili. Mwaka 1994 chama cha kimataifa cha wachunguzi wa maumivu kilieleza maumivu ya neva kuwa ni yale yanayoletwa na jeraha la mfumo wa neva au na utendaji wake usio wa kawaida. Kwa fasili hiyo mgonjwa mwenye uti wa mgongo ulioongezeka unyeti aliweza kuhesabiwa. Mwaka 2008 kundi la wataalamu likiongozwa na Rolf-Detlef Treede lilipendekeza kuondoa maneno ya utendaji na kubakiza jeraha au ugonjwa wa neva zenye kazi ya hisi, na chama kikakubali mwaka 2011. Kusudi lilikuwa jema, maana fasili ya awali iliweza kumeza kila kitu, kosa lile lile la nadharia ya mwaka 1888. Lakini kwa marekebisho hayo sehemu kubwa ya wagonjwa wa baridi yabisi ilitolewa nje kwa mara ya pili. Waliobaki ndani ni wale wa Phalen na wa Hart, ambao neva zao zimebanwa au zimekosa damu. Mwaka 2017 chama kilitambua aina ya tatu: maumivu yanayotokana na kubadilika kwa namna mwili unavyopokea maumivu, pasipo ushahidi wa jeraha la tishu wala la neva. Inaelekea kwamba wengi wa wagonjwa waliotolewa watapokelewa huko, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na aina zote tatu katika mkono mmoja.

Kliniki haikungoja fasili zikamilike. Mwaka 2006 Rainer Freynhagen na wenzake wa Ujerumani walikuwa wamechapisha dodoso la painDETECT, lililobuniwa kwa ajili ya maumivu ya mgongo. Humwuliza mgonjwa kama anahisi kuungua, mchonyoto, maumivu kwa mguso mwepesi, mshtuko kama wa umeme, maumivu ya baridi au ya joto, ganzi, na maumivu ya kubonyezwa. Huongezwa swali la mwenendo wa maumivu na la kusambaa kwake. Jumla ikifika 19 au zaidi, maumivu ya neva yanakisiwa kuwapo; ikiwa 12 au pungufu, yanakisiwa kutokuwapo. Dodoso hilo lilihamishiwa kwa wagonjwa wa baridi yabisi katika nchi kadhaa za Ulaya, na kila mahali walipatikana waliovuka mpaka. Tatizo la kimantiki liko wazi: kiungo kilichovimba kinauma kikibonyezwa hata kama neva zake ni nzima, kwa hiyo baadhi ya alama hutolewa na kiungo chenyewe.

Kwa mtafiti wa Afrika Mashariki kuna tatizo la pili. Katika Afrika ya tropiki mjadala wa miaka ya 1960 na 1970 haukuwa wa aina ya maumivu bali wa kuwapo kwa ugonjwa. Brian Greenwood mwaka 1968 alieleza uchache wa magonjwa ya kinga nchini Nigeria na kuuhusisha na wingi wa vimelea, na ilipofika mwaka 1979 uchunguzi wa kliniki wa baridi yabisi nchini Kenya ulikuwa umechapishwa katika jarida la kimataifa. Kuuliza maumivu yakoje kulichelewa, na sasa kunafanyika kwa madodoso yaliyotungwa kwa Kijerumani na Kiingereza. Kiswahili hakina uhaba wa maneno. Kichwa huwanga, jipu hupwita, kidonda kilichotiwa chumvi huchonyota, tumbo hukeketa, mguu hufa ganzi, na mgonjwa wa mjini husema amepigwa shoti. Maneno haya, hata hivyo, yamegawanywa kwa kufuata sehemu za mwili na aina za ajali, si kwa kufuata mpaka wa neva na tishu, na kitenzi kuuma huweza kuyabeba yote. Swali la baridi lina ugumu wake wa pekee. Mtafiti anayemwuliza mgonjwa wa baridi yabisi kama baridi humletea maumivu anauliza jambo ambalo jina la ugonjwa limekwisha kulijibu, na alama anazoandika hapo zinaweza kutosha kumvusha mgonjwa huyo kutoka 18 hadi 19.